Mapacha wa Kondo Moja: Swali la Kabla ya Wiki ya 14

Mazungumzo ya leo yanaanzia katika wilaya ya Huangpu, mashariki ya mji wa Guangzhou, kusini mwa China, na yatafika hadi katika vyumba vya kujifungulia vya Afrika Mashariki. Yanahusu mapacha, na hasa matatizo machache ya mimba ya mapacha ambayo mama hayahisi mapema na mkunga hawezi kuyagundua kwa kupapasa tumbo, lakini ambayo huweza kutazamiwa iwapo uchunguzi utafanywa kwa wakati wake.

Huangpu ni wilaya ya bandari. Karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Nanhai Shenmiao lipo hekalu la mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, ambako mabaharia walikuwa wakitoa sadaka kabla ya kutweka matanga. Ndani yake imo sanamu ya mgeni aliyevikwa mavazi ya ofisa wa Kichina. Ameinua mkono hadi kwenye paji la uso, kama mtu anayekinga jua ili aone mbali. Wenyeji husimulia kuwa mtu huyo alikuja kutoka ng'ambo katika enzi ya Tang, akiwa na mbegu za mti wa boluo, yaani fenesi, akazipanda penye hekalu, na kwa kuvutiwa na mandhari akasahau saa. Aliporudi ufukweni chombo kilikwisha ondoka. Tangu siku hiyo alisimama akitazama bahari mpaka kufa kwake. Kwa sababu hiyo watu wengi hulijua hekalu hilo kwa jina la Hekalu la Boluo.

Hadithi ya mtu aliyeachwa na chombo kwa kuchelewa inafaa kukumbukwa katika mada hii. Mimba ya mapacha nayo ina chombo chake, na chombo hicho hung'oa nanga mapema kuliko wengi wanavyodhani, kabla ya wiki ya 14, wakati ambapo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mama bado hajamwambia hata mama mkwe kwamba ni mjamzito.

Huangpu ya leo haijulikani kwa hekalu peke yake. Mwaka 2014 serikali ya China iliidhinisha wilaya ya Luogang iunganishwe nayo, na hivyo ndani ya mipaka yake umo Mji wa Sayansi wa Guangzhou, zilipo taasisi za utafiti kama vile Taasisi ya Guangzhou ya Tiba ya Kibiolojia na Afya, ya Akademia ya Sayansi ya China. Kimo pia Kisiwa cha Biolojia, kisiwa kidogo katikati ya Mto Zhujiang ambacho kimetengwa kwa ajili ya maabara na kampuni za dawa na vipimo. Kwa maneno mengine, hii ni sehemu ambayo watu wake wamezoea wazo kwamba tone la damu likitiwa katika mashine hutoa habari zote zinazotakiwa.

Wazo hilo halikuzuka bure. Mwaka 1997 Dennis Lo, daktari mzaliwa wa Hong Kong, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ndani ya damu ya mama mjamzito mna vipande vya vinasaba vya mtoto aliye tumboni. Walivigundua kwa kutafuta katika damu ya akina mama alama ya vinasaba ambayo mwanamke hana, yaani ile ya kiume, nao wakaikuta kwa wengi waliokuwa wamebeba mimba za watoto wa kiume. Kutokana na ugunduzi huo vikapatikana vipimo vinavyotumia damu ya mama kukadiria kama mtoto ana hitilafu kama ile iitwayo dalili za Down, bila ya kuchoma sindano katika tumbo la uzazi. Leo vipimo hivyo hutumika katika sehemu nyingi za China na duniani kwa jumla, na hutumika pia kwa mimba za mapacha.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo damu hailisemi. Haisemi kama mapacha hao wana makondo mawili au wanagawana moja. Baadhi ya vipimo huweza kubainisha kama wametokana na yai moja au mayai mawili, lakini hilo si jibu la swali lenyewe, kwa sababu karibu theluthi moja ya mapacha wa yai moja kila mmoja wao ana kondo lake. Ili kulijua kondo, njia ya kuaminika ni ile ile ya zamani, nayo ni kulitazama kwa mashine ya ultrasaundi, mapema, kwa jicho la mtu anayejua anachokitafuta.

Kwa nini kondo liwe na uzito kiasi hicho? Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, na kila mmoja huwa na kondo lake la nyuma na chupa yake ya maji. Ni majirani tu waliopanga nyumba moja. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na hapo siku ya mgawanyiko ndiyo inayoamua mambo. Vitabu vya utabibu hufundisha kuwa yai likigawanyika ndani ya siku tatu za mwanzo, kila pacha hupata kondo na chupa yake. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, mapacha huwa na chupa mbili lakini kondo moja. Kati ya siku ya 8 na ya 12, huwa na kondo moja na chupa moja. Likichelewa kuliko hapo, mgawanyiko haukamiliki, nao huzaliwa wakiwa wameungana miili.

Wale wa kondo moja ni ndugu wanaokula katika sinia moja, na sinia hilo halina mstari katikati. Juu ya kondo lao mishipa ya damu ya mmoja huungana na mishipa ya mwenzake, kwa hiyo damu hupita huku na huku. Mara nyingi inayokwenda hulingana na inayorudi, na watoto wakazaliwa salama. Lakini katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za namna hiyo, mizani hupinda. Pacha mmoja huwa mtoaji na mwingine mpokeaji. Mtoaji hupungukiwa damu, figo zake zikapunguza kazi, mkojo ukakatika, na kwa kuwa maji ya chupa ni mkojo wa mtoto kwa sehemu kubwa, chupa yake hukauka hadi utando ukamgandamiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Mpokeaji naye huzidiwa na damu. Hukojoa mno, chupa yake ikafura, na moyo wake ukachoka kwa kusukuma mzigo usio wake. Kwa hiyo aliyenyimwa na aliyepewa wote wawili wamo hatarini.

Mama mwenyewe huona nini? Huona tumbo limekua ghafla katika muda wa siku chache, ngozi imekaza, pumzi ni fupi, na kulala chali hakuwezekani. Akieleza hayo huambiwa, na jamaa zake na pengine hata na mhudumu wa zahanati, kwamba ndivyo mimba ya mapacha ilivyo. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, nayo ni miongoni mwa maneno ya hatari kubwa kabisa kuambiwa mwanamke wa wiki ya 19 ambaye kondo la mapacha wake halijulikani. Hali hiyo ikiwa kali, ikaanza kabla ya wiki ya 26 na isitibiwe, vifo vya watoto hufikia asilimia 80 hadi 90.

Utambuzi wake si wa kubahatisha. Daktari hupima kwa ultrasaundi kina cha maji katika kila chupa. Kabla ya wiki ya 20, maji ya mmoja yakifika sentimita 8 au zaidi huku ya mwenzake yakiwa sentimita 2 au pungufu, na kondo likiwa moja, jina la ugonjwa limekwisha patikana. Kisha hutazama kibofu cha mtoaji kama kinaonekana au ni kitupu, hupima mwendo wa damu katika mishipa, na huangalia kama mmojawapo ameanza kujaa maji mwilini. Ngazi hizo za ukali zilipangwa na daktari Rubén Quintero na wenzake mwaka 1999, na zinatumika hadi leo. Lakini sharti la kwanza la hesabu yote hiyo ni kujua kwamba kondo ni moja. Asiyejua hana sababu ya kumwita mama kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, kama inavyopendekezwa na wataalamu wa ultrasaundi ya uzazi duniani. Atampa miadi ya mwezi mmoja, kama mapacha wa makondo mawili, na katika mwezi huo ugonjwa huweza kuanza na kumaliza kazi yake.

Sasa, kondo hutambuliwaje? Baina ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13, mpima huelekeza kifaa chake mahali ambapo utando unaowatenga mapacha unakutana na kondo. Kama makondo ni mawili, hata yakiwa yamegusana hadi yakaonekana kama tonge moja, nyama ya kondo huingia katikati ya tando na kufanya umbo la pembe tatu, mfano wa paa la kibanda. Madaktari huliita alama ya lambda, kwa kufananisha na herufi ya Kigiriki. Kama kondo ni moja, utando huwa mwembamba mno nao hugota kwenye kondo wima, kama herufi T. Kwa mtu aliyefundishwa, kulitazama jambo hilo ni kazi ya dakika chache.

Ubaya ni kwamba alama hiyo haikai. Kadiri wiki zinavyosonga mbele, pembe hukonda, na kwa baadhi ya mapacha wa makondo mawili hutoweka kabisa ifikapo wiki ya 20. Makondo nayo hukua, yakasongamana, na watoto wakawa wakubwa kiasi cha kuziba njia ya kutazama. Mpima wa wiki ya 24, hata awe hodari namna gani, mara nyingi anatazama ufukwe ambao chombo kimekwisha ondoka.

Hapo ndipo hali ya China na ile ya Afrika Mashariki zinapotofautiana, na tofauti yenyewe haiko pale inapodhaniwa. Wengi watasema ni mashine. Lakini mashine za ultrasaundi siku hizi zipo hata katika miji midogo ya Tanzania, Kenya na Uganda, na zahanati za binafsi huzitangaza kwa mabango. Tofauti kubwa zaidi ni tarehe. Katika mji kama Guangzhou mwanamke mjamzito hufunguliwa faili la uzazi mapema, na baina ya wiki ya 11 na ya 13 hupelekwa kupimwa unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto, kipimo cha kutafuta dalili za Down kilichoelezwa mwaka 1992 na Kypros Nicolaides na wenzake mjini London. Mama huja kwa ajili ya shingo, na daktari, kwa kuwa kioo kiko mbele yake, huliona kondo pia. Jibu la swali muhimu hupatikana kama nyongeza ya swali jingine. Mahali ambapo kipimo cha shingo si desturi, wiki hizo tatu hazina kitu cha kumvuta mama hospitalini. Hana maumivu, tumbo halijatokeza, na watu wazima humwambia ni mapema mno kutangaza habari.

Mwanamke wa Afrika Mashariki anayeishi Guangzhou, mwanafunzi au mke wa mfanyabiashara, hukutana na jambo jingine la kumshangaza katika chumba hicho cha ultrasaundi. Swali lake la kwanza, kama ni wa kiume au wa kike, halijibiwi. Sheria ya China ya Afya ya Mama na Mtoto, iliyoanza kutumika mwaka 1995, inakataza kutambua jinsia ya mtoto bila ya sababu ya kitabibu, kwa kuhofia mimba za wasichana kutolewa. Mwanamke anayetoka mahali ambapo jinsia ndiyo habari ya kwanza kutajwa na mpima, na wakati mwingine ndiyo habari pekee, huweza kuudhika. Ni kweli hata hivyo kwamba jinsia ikitolewa mezani, muda unabaki wa kuuliza mengine.

Afrika ina hatari yake ya pekee katika suala hili, nayo inatokana na neema. Utafiti wa Jeroen Smits na Christiaan Monden uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nchi nyingi za Afrika ya Kati na majirani zake zina zaidi ya mapacha 18 kwa kila uzazi 1,000, na Benin iliongoza kwa karibu 28, wakati Asia ya Kusini na ya Kusini Mashariki ilikuwa chini ya 10. Ndiyo maana lugha zetu zina majina ya mapacha yaliyokwisha andaliwa kabla hawajazaliwa: Kulwa na Doto kwa Wasukuma, Opiyo na Odongo kwa Wajaluo, Wasswa na Kato, Babirye na Nakato kwa Waganda. Mkunga wa Mwanza au wa Kisumu amepokea mapacha wengi maishani mwake kuliko wakunga wengi wa Asia.

Lakini wingi huo unatokana na mapacha wa mayai mawili. Mapacha wa yai moja huzaliwa kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa duniani kote, kama 4 hivi kwa kila uzazi 1,000, na karibu 3 kati ya hao hugawana kondo. Hesabu yake basi ni nyepesi. Pale penye mapacha 18 kwa kila uzazi 1,000, wa kondo moja ni kama mmoja kwa sita. Pale penye mapacha 8, ni zaidi ya mmoja kwa tatu. Daktari wa Asia anapoona mapacha, hofu ya kondo moja inakuja haraka kwa sababu ya uzoefu wake. Mkunga wa Afrika, kwa uzoefu wake mkubwa zaidi, amefundishwa kutokuwa na hofu. Ameona watano wakipita salama kabla ya kumwona wa sita, na huyo wa sita, asipokuwa na jina la ugonjwa wake, huandikwa kuwa mimba iliyoharibika, au mtoto aliyezaliwa mfu, na sababu ikabaki kwa Mungu.

Watafiti hao hao wawili walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifo vya mapacha katika nchi za Afrika kusini ya Sahara. Katika miaka ya 2009 hadi 2014, mapacha 213 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano, yaani zaidi ya mmoja kwa kila watano. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na kuzaliwa kabla ya wakati na uzito mdogo, si na maradhi adimu yanayozungumzwa hapa. Hata hivyo kuzaliwa kabla ya wakati kuna sababu zake, na miongoni mwa sababu hizo kondo la pamoja limo, bila ya kuhesabiwa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Pendekezo hilo ni jema, na kwa mama mwenye mtoto mmoja linatosha kwa mengi. Kwa mapacha halitoshi. Ultrasaundi ya wiki ya 22 inatimiza agizo kwa ukamilifu, na inaandika kuwa watoto ni wawili na mioyo inapiga, lakini inaweza kuwa imechelewa kwa wiki nane.

Matatizo mengine ya kondo moja yanastahili kutajwa, ingawa si yote kwa urefu. Lipo lile lililoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 na madaktari wa Leiden, Uholanzi, ambamo damu huvuja kidogo kidogo mno kupitia mishipa myembamba, maji ya chupa yakabaki sawa, na hakuna anayeshtuka. Ili kulitambua tumboni ni lazima kupima kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa kila mtoto. Asiyepimwa huzaliwa na siri yake, mmoja amepauka kama karatasi, mwenzake mwekundu mno. Mkunga aonapo hivyo asifurahie tu kwamba wote wamelia. Aliyepauka huenda anahitaji kuongezewa damu, na aliye mwekundu huenda damu yake ni nzito mno.

Lipo pia la mgawo usio wa haki wa kondo lenyewe, mmoja akikalia sehemu kubwa na mwingine akidumaa, mpaka tofauti ya uzito ikafika robo au kupita. Wapo mapacha wa chupa moja, ambao vitovu vyao husokotana, nao huzalishwa kwa upasuaji karibu na wiki ya 32 hadi ya 34 kabla fundo halijakaza. Na lipo lile la ajabu kuliko yote, la pacha asiye na moyo, ambaye huishi kwa kusukumiwa damu na ndugu yake. Mpima asiyelijua huandika kwamba pacha mmoja amekufa, kisha katika ziara ya pili anashangaa maiti inakua. Vitabu vya zamani vilikadiria mimba moja kati ya 35,000. Wataalamu wa sasa wanaamini si nadra kiasi hicho, bali wengi walikuwa wakipotea bila kuonekana kabla ya ultrasaundi za mapema.

Mapacha walioungana wanajulikana zaidi kwa sababu nyuso zao huonekana magazetini. Watanzania hawajawasahau Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete, wakasoma hadi chuo kikuu mjini Iringa, na wakafariki dunia mwezi Juni mwaka 2018 wakiwa na umri wa miaka 21. Nchini Kenya, mwezi Novemba mwaka 2016, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliwatenganisha watoto Blessing na Favour kwa operesheni iliyochukua saa 23. Mapacha wa namna hiyo huweza kuonekana kwa ultrasaundi tangu wiki ya 12, na kuonekana mapema kunaamua mahali pa kujifungulia. Mama anayejua ataandaliwa upasuaji katika hospitali kubwa. Asiyejua huweza kufikishwa kwenye uchungu nyumbani, na mtoto wa kwanza akakwama.

Pengine msikilizaji anauliza, kujua kuna faida gani mahali ambapo tiba haipo? Swali ni la haki. Tiba bora ya damu kuhama kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwingine ni kuingiza darubini nyembamba katika tumbo la uzazi na kuichoma kwa leza ile mishipa inayounganisha. Daktari Mmarekani Julian De Lia aliifanya mara ya kwanza mwaka 1988. Mwaka 2004 Marie-Victoire Senat, Yves Ville na wenzao walichapisha jaribio la wanawake 142. Kwa waliotibiwa kwa leza, asilimia 76 walibaki na angalau mtoto mmoja hai siku 28 baada ya kuzaliwa, ikilinganishwa na asilimia 56 ya waliopunguzwa maji kwa sindano. Jaribio lilisimamishwa kabla ya mwisho wake kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Mama wa Huangpu akigunduliwa ana tatizo hilo, vituo vya tiba ya watoto walio tumboni, kama kile cha Hospitali ya Kwanza ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen katika wilaya ya Yuexiu, viko upande wa pili wa mji ule ule. Kwa mama wa Makete au wa Marsabit safari ni ya namna nyingine kabisa, na vituo vyenye leza na mikono ya kuitumia ni vichache.

Lakini itazameni tena ile hesabu ya pili. Asilimia 56 si sifuri. Hao walitibiwa kwa sindano ndefu na ultrasaundi, vifaa ambavyo hospitali nyingi za rufaa zinavyo. Zaidi ya hapo, anayejua huweza kumhamisha mama mapema karibu na wodi ya watoto njiti, kumchoma sindano za kukomaza mapafu ya watoto, kuchagua wiki ya kuzalisha, kumwandaa daktari wa watoto. Pacha mmoja akifa tumboni, anayejua kuwa kondo ni moja anatambua kuwa ubongo wa aliyebaki umo hatarini, kwa sababu damu yake huweza kumiminikia kwa marehemu, naye hatamwambia mama aende nyumbani akashukuru kwa aliyebaki. Familia nayo huanza kutafuta nauli wakati nauli bado ina maana.

Na aliyechelewa, akafika kliniki katika wiki ya 22, bado yapo ya kufanya. Makondo yakionekana mbali mbali, moja mbele na jingine nyuma, jambo limekwisha. Mapacha wakiwa wa jinsia mbili tofauti, karibu daima makondo ni mawili, na hapo ile habari ya kiume na kike, ambayo daktari wa Guangzhou huiona lakini hamwambii mama, inakuwa ushahidi wa kitabibu. Wakiwa wa jinsia moja, kondo likionekana moja na pembe ya lambda isionekane, kanuni ni kuwahesabu kama wa kondo moja na kumwita mama kila baada ya wiki mbili, mpaka pawe na sababu ya kuamini vingine.

Baada ya kuzaliwa, swali linaweza kujibiwa kwa uhakika mkubwa zaidi, tena bila ya umeme. Katika sehemu nyingi za kwetu kondo huzikwa kwa heshima, na hakuna haja ya kuivunja desturi hiyo. Lakini kabla halijafungwa ili likazikwe, mkunga hulitandaza kondo katika sinia na kuushika utando uliowatenga watoto. Ukiwa mwembamba unaopitisha mwanga, na ukichambuka katika ngozi mbili tu, kondo lilikuwa moja. Ukiwa mnene, na katikati yake mkawa na ngozi nyingine zaidi ya hizo mbili, yalikuwa mawili. Jibu huandikwa kwenye kadi za watoto wote wawili, pamoja na uzito wao na rangi yao walipotoka.